Kamera Nje ya Mji, Mwanza

Dada, umeuliza ukapige picha wapi Mwanza zaidi ya Jiwe la Bismarck. Panda daladala ya Kisesa, kama kilomita 20 hivi, uone Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Kisha chukua bodaboda, ingieni njia za vumbi kati ya mawe yaliyobebana na majaruba ya mpunga. Usikimbie!

Kesho yake wahi mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki, mahali ninapopapenda kuliko pote. Dagaa wameanikwa juu ya nyavu, wanameta, na mama anawageuza kwa ufagio. Jua la saa moja asubuhi ndilo lenyewe. Saa sita picha inaungua. Ila msalimie kwanza kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", umwombe ruhusa. Akikataa, funga kamera, nunua dagaa wake kisado kimoja.