Steinway ni Wajerumani, si Waingereza

Hapana ndugu, Steinway si Waingereza kama unavyodhani; jina ndilo linalokuchanganya. Hao wa piano za Steinway ni Wajerumani kabisa. Mzee wao, Heinrich Engelhard Steinweg, alizaliwa 1797 kijiji cha Wolfshagen, milima ya Harz, akawa fundi wa piano mji wa Seesen. Mwaka 1850 alihamia New York na familia yake, na 1853 wakafungua kampuni yao wenyewe. Jina Steinway walilichukua rasmi 1864.

Mimi nimesomea ufundi wa piano, na alama ya familia hii huwa naiona kila nikifunua piano kubwa ya kulala (grand): nyuzi nene za besi zimepita kwa mshazari juu ya zile nyembamba. Mpangilio huo kwenye piano kubwa ulipewa hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) 1859 kwa jina la Henry mdogo, mtoto wa mzee. Kijana huyo alifariki 1865, na ndugu yake Charles mwaka huohuo, ndipo kaka yao mkubwa, Theodor, aliyekuwa amebaki Ujerumani, akauza karakana yake na kuwafuata Marekani. Ile karakana ndiyo iliyozaa piano za Grotrian-Steinweg, kwa hiyo ukikutana na jina hilo usidhani ni bandia.

Ila tofautisha familia na kampuni: kiwanda cha kampuni huko Hamburg, Ujerumani, kipo tangu 1880, lakini familia iliuza kampuni kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1972.