Usinunue ruta mpya kabla ya kujaribu haya

Ndugu, nimekuelewa: ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, iko sakafuni nyuma ya televisheni, sebuleni intaneti ni nzuri, chumbani inakatika kila jioni, na fundi anataka ununue nyingine. Subiri kwanza.

Jioni hiyohiyo unganisha kompyuta na ruta kwa waya, upime kasi. Ikiwa ndogo hata hapo, chanzo huenda ni laini ya mtoa huduma, na ruta mpya itakula pesa yako bure. Ikiwa nzuri, shida ni mawimbi ya Wi-Fi, na kwa maelezo yako naamini ndiyo hiyo.

Itoe ruta huko nyuma ya televisheni, iweke juu ya kabati karibu na korido. Kisha fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uingie kwenye mipangilio yake. Chumbani tumia mawimbi ya 2.4 GHz; yale ya 5 GHz yana kasi zaidi, lakini ukuta wa tofali za saruji huyameza. Chagua chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, ile isiyojaa majirani, na upana wa chaneli uwe 20 MHz. Jioni majirani nao wako hewani, kwa hiyo chaneli hugombaniwa.

Tafadhali usibonyeze kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kabla hujanakili jina la mtumiaji na nywila za mtoa huduma. Utajikuta huna intaneti kabisa.

Kama una faiba (intaneti ya waya wa nyuzi za kioo) na taa ya LOS, yaani ya kupotea kwa ishara, inawaka nyekundu, usichungulie ncha ya waya. Mwanga wake unaweza kuumiza macho. Mpigie mtoa huduma.