Muulize Mwalimu: Nyumba ya bibi asiyesikia vizuri

SWALI: Mwalimu, nimesikia kwamba Rais Lincoln wa Marekani aliuawa na mwigizaji, akiwa jukwaani. Ni kweli au porojo za vijiweni? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Nusu kweli. John Wilkes Booth alikuwa mwigizaji mwenye jina, lakini usiku ule wa Aprili 14, 1865 hakuwa na sehemu katika mchezo. Ulikuwa wa kuchekesha, naye alingoja pale watazamaji watakapoangua kicheko ndipo akafyatua bastola. Lincoln alibebwa hadi nyumba ya ng'ambo ya barabara, akafia humo asubuhi. Ukumbi wenyewe, Ford's Theatre, serikali iliugeuza ofisi; mwaka 1893 sakafu zikaporomoka na kuua makarani 22. Michezo ilirudi humo mwaka 1968.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Lindi na nina kikundi cha maigizo. Mwezi wa sita nakwenda Boston kwa kozi, na Jumamosi moja ni yangu. Wenzangu wanasema nikapige picha New York. Mimi natamani kuona mahali pasipojaa watalii, panapohusiana na michezo ya kisiasa. Na je, ule mchezo wa Arthur Miller kuhusu wachawi wa Salem naweza kuuchezesha huku kwetu bila kuchokoza watu? (Mwalimu mwenzio, Lindi Mjini)

JIBU: Marahaba, mwanangu. New York iache, haihami. Nenda Danvers, kama kilomita 30 kaskazini mwa Boston. Salem ya leo inauza kofia nyeusi za kichawi kila dirisha. Lakini mwaka 1692 moto wa kushtakiana uchawi uliwakia kijijini, Salem Village, na kijiji hicho ndicho Danvers ya sasa.

Nilifika huko nilipokwenda kumsalimia binti yangu. Kuna nyumba ya mbao, nyekundu kama udongo wa Newala, paa lake la nyuma limeshuka karibu liguse nyasi. Ni ya Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, mcha Mungu. Wazee wa baraza la mahakama walimwona hana hatia. Waliomshtaki wakapiga mayowe, hakimu akawataka wazee wafikiri upya. Wakamuuliza bibi maana ya neno fulani alilokuwa ametamka. Masikio yake yalikuwa mazito, hakusikia, hakujibu. Akanyongwa Julai 19. Jumla walinyongwa watu 19, na mzee Giles Corey alifia chini ya mawe aliyorundikiwa kwa kuwa alikataa kukiri wala kukana. Katika makaburi ya shamba hilo tafuta jiwe lenye majina ya majirani karibu arobaini waliotia sahihi kumtetea Rebecca. Mimi nilikaa hapo mpaka binti yangu akapiga honi.

Usiondoke bila kuona msingi wa nyumba ya mchungaji Samuel Parris, walimokaa mtumwa Tituba na wasichana wa kwanza kupagawa. Ulifukuliwa mwaka 1970. Unapita kichochoro nyuma ya nyumba za watu, kama unakwenda kuomba chumvi. Ukipata muda, mjini Salem pitia Proctor's Ledge, waliponyongewa. Wataalamu walithibitisha mahali hapo mwaka 2016 tu, chini ya kilima, katikati ya makazi.

Miller alikwenda Salem mwaka 1952 kusoma kumbukumbu za kesi, na Januari 1953 mchezo ukaoneshwa New York. Wakati huo kamati ya Bunge la Marekani ilikuwa ikiwaita watu wataje marafiki zao wakomunisti. Mwaka 1954 alinyimwa pasipoti asiende Brussels kuona mchezo wake mwenyewe. (Yako ishike vizuri.) Mwaka 1956 zamu yake ikafika: alijieleza, akakataa kutaja wengine. Akatiwa hatiani mwaka 1957, rufaa ikamwokoa mwaka uliofuata.

Ila wanafunzi wako wasichukue yale mapenzi ya Abigail na John Proctor mchezoni kuwa historia. Abigail wa kweli alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, Proctor mzee wa kama 60. Ebrahim Hussein wetu naye hakumwandika Kinjeketile kama alivyokuwa yule aliyenyongwa mwaka 1905. Jukwaa lina ruhusa yake.

Kuhusu kuuchezesha: chezesha. Mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema, na majina uyaache ya Kizungu hivyohivyo.

Nasema kwa sababu mwaka 1987, katika shule moja ya Mtwara, sikuyaacha. Nilitafsiri kurasa chache kwenye daftari, magunia ya korosho yakawa makoti ya mahakimu, tukawasha karabai mbili. Ili wazazi wasichanganyikiwe, Rebecca nikampa jina la kwetu, ambalo silitaji tena. Nyuma ya shule aliishi mjane mwenye jina hilohilo, muuza vitumbua. Wiki ileile watoto wakaanza kumwimbia njiani. Mwezi haukuisha, sinia lake likawa linarudi nyumbani limejaa. Mchezo ulionesha wazi kwamba mwenye jina hilo hana kosa, na haikusaidia kitu.

Nilikwenda na mzee wa mtaa kumwomba radhi. Tuliongea sisi tu. Yeye aliendelea kugeuza vitumbua, kimoja kimoja, mpaka unga ukaisha. Akavifunga vyote kwenye gazeti, akanikabidhi, akanyoosha mkono kudai hela yake.