Uliza Ujibiwe: Ijumaa hadi Jumapili, Begi Mgongoni

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi walio masomoni Ulaya, wanaotaka kutoka na wenzao mwisho wa wiki, wapande milima na kulala hemani. Wengi wanaulizia dubu na dhoruba. Tumechagua zaidi barua zinazouliza saa, kilo na nyuzi joto, maana hayo ndiyo yanayorudisha watu nyumbani wakiwa hoi.

Tuko wanne, na Jumamosi ya mwisho wa Oktoba tuna kilomita 16 hadi kambini. Mwenzetu anasema mtu hutembea kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo tukiondoka saa 6 mchana tutafika na mapema. Mimi nimeona kwenye ramani njia inapanda mita 900 na nina wasiwasi. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, mwaka wa kwanza, Ujerumani*

Wewe. Mwenzenu amepiga hesabu ya barabara ya lami. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 16 ni saa 3 na dakika 12. Mita 900 ni saa 1 na nusu. Jumla saa 4 na dakika 42, na hapo tunamzungumzia mtu mwenye mazoezi, asiye na mzigo mzito, asiyepumzika. Kundi lenye mahema mgongoni liongeze walau theluthi moja. Inakuwa saa 6 na robo.

Mkianza saa 3 asubuhi mtafika saa 9 na robo alasiri, kungali na mwanga wa kusimamisha hema na kutafuta maji. Mkianza saa 6 mchana mtafika saa 12 na robo jioni. Kwa Berlin, mwishoni mwa Oktoba jua huwa limeshazama kabla ya saa 12. Aliyezoea jua la Ikweta, linalotua karibu saa ile ile mwaka mzima, huwa haweki hili kwenye mpango hata kidogo.

Kuna mtego mwingine kwenye tarehe mliyochagua. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zote za Umoja wa Ulaya hurudishwa nyuma kwa saa 1. Simu itajirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haitajirekebisha, na Jumapili hiyo giza litaingia saa nzima mapema kuliko jana yake. Kwa hiyo pangeni Jumapili kuanzia mwisho kurudi mwanzo: tafuteni basi la mwisho kwenye ratiba, safu ya Jumapili na sikukuu (vijijini huwa machache mno, mara nyingine hakuna kabisa), kisha lichukulieni lile linalotangulia hilo kuwa ndilo lenu. La mwisho libaki la akiba.

Anayetembea polepole awe wa pili kutoka mbele, asiachwe nyuma kabisa. Akiwa nyuma, kila akiwafikia waliokaa kumsubiri wao ndiyo kwanza wanainuka, na yeye hapumziki kamwe.

Shikamooni. Nina uzito wa kilo 58 na begi langu ni kilo 17. Baada ya saa 1 tu mabega yanawaka moto. Ni begi baya au ni mimi?
*Binti anayesoma Austria*

Marahaba. Kwanza ni uzito. Kwa usiku mmoja au miwili, lenga begi lisilozidi asilimia 20 ya uzito wako pamoja na maji na chakula. Kwako ni kama kilo 11 na nusu. Pima hivi: panda mzani ukiwa na begi, panda tena bila begi, toa.

Kilo tano na nusu za kupunguza zinapatikana wapi? Mara nyingi kwenye vitu vilivyobebwa mara nne na watu wanne. Kundi lenu linahitaji jiko 1, sufuria 1 ya lita 2, kisanduku 1 cha huduma ya kwanza, dawa ya meno 1. Hema la watu wawili ligawanywe: mmoja abebe turubai, mwingine fito na vigingi. Chakula kikavu cha gramu 600 hadi 800 kwa mtu kwa siku kinatosha. Maji ni kilo 1 kwa kila lita, kwa hiyo kama ramani inaonyesha kijito katikati ya njia, usitoke na lita 3. Toka na moja na nusu, ujaze njiani na uyachemshe. Yakishatokota dakika 1 inatosha, na juu ya mita 2,000 fanya dakika 3. Nguo za kubadili za Jumapili ndizo za kwanza kuachwa. Hakuna atakayekuangalia.

Kisha kulivaa. Legeza mikanda yote. Vaa, jiinamishe kidogo, pandisha mkanda wa kiunoni mpaka katikati yake ikae juu ya mfupa wa nyonga, ule unaoushika ukiweka mikono kiunoni, ndipo ufunge. Huo ufungwe kwanza kila mara. Halafu vuta ya mabegani mpaka iguse bega bila kulikandamiza, kisha vikanda vidogo vya juu vinavyotoka begani kwenda kichwani mwa begi, na mwisho cha kifuani. Wengi huanza na mabega, na hapo mkanda wa kiunoni unabaki pambo tumboni. Ukivaa vizuri, utaweza kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega bila taabu, maana uzito mwingi uko nyongani.

Vitu vizito (chakula, maji, mtungi wa gesi) viwe karibu na mgongo, usawa wa kati ya mabega. Vikikaa upande wa nje vinakuvuta nyuma, nawe utatembea umeinama siku nzima bila kujua kwa nini shingo inauma.

Mfuko wangu wa kulalia umeandikwa nyuzi 0. Utabiri wa hali ya hewa ulisema mjini usiku utakuwa nyuzi 9. Mbona nilitetemeka hadi alfajiri?
*Msomaji, Uswisi*

Kwa sababu tatu zilizokutana usiku mmoja. Mji ule uko chini. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Kama mlilala mita 1,000 juu ya mji, huko kulikuwa na nyuzi 2 au 3, bila kuhesabu upepo. Ila msikimbilie sakafu ya bonde: usiku usio na mawingu hewa ya baridi hushuka na kutuama humo. Mahali pazuri ni palipoinuka kidogo, penye kinga ya miti au mwamba.

Pili, lebo. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango rasmi cha Ulaya huwa na namba zaidi ya moja. Ya starehe ndiyo joto ambalo mwanamke wa kawaida atalala akiwa amejiachia. Ya kikomo ni kwa mwanaume aliyejikunja, na ya mwisho ni ya kuokoa roho tu. Muuzaji hupenda kuandika kubwa ile ya kikomo. Mfuko wa kikomo nyuzi 0 mara nyingi starehe yake ni karibu nyuzi 5. Nunua kwa kuangalia ya starehe, hata kama wewe ni mwanaume.

Tatu ni ardhi, na hili ndilo watu hubisha. Manyoya au nyuzi za mfuko hushika joto kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake. Ukizilalia zinasinyaa, hewa inatoka, na mgongo unabaki umelala juu ya udongo. Ndiyo maana kuna mkeka wa sponji au godoro la kujaza upepo, lenye namba R, yaani kipimo cha jinsi linavyozuia joto lako lisipotelee ardhini. R ya 2 ni ya majira ya joto. Kwa vuli tafuta 4. Mwenye mkeka wa R 2 aweke mwingine juu yake, namba zinajumlishwa.

Fulana ya pamba uliyotoka nayo jasho usilale nayo. Pamba hukaa na maji na kukunyonya joto. Lala na sufu au polista iliyokauka. Chupa ya chuma iliyojazwa maji ya moto, ikafungwa barabara na kuvikwa soksi, ikiwekwa katikati ya mapaja hufanya kazi kuliko koti la ziada.

Tunakwenda kwa ndege. Jiko la gesi linaruhusiwa? Na pawabenki?
*Msomaji, Uholanzi*

Mtungi wa gesi hauruhusiwi ndegeni, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini, hata uwe umebaki robo. Kichwa cha jiko kikiwa kisafi, kisichonuka, kwa kawaida hupita, lakini soma masharti ya shirika lenu. Pawabenki ni kinyume chake: lazima iwe mkononi, isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) bila idhini. Ile ya mAh 20,000 ni Wh 74, haina tatizo.

Gesi mtanunua mkifika, na mnunue Jumamosi, maana Ujerumani na Austria maduka karibu yote hufungwa Jumapili. Angalieni pia mdomo wa mtungi: ya kuzungusha kwa hesi ndiyo iliyoenea, ila Ufaransa mtakuta sana ya kubana, na moja haiingii kwenye jiko la nyingine. Kuchemsha lita 1 hula gramu 10 hadi 15. Watu wanne, milo minne ya moto pamoja na chai, ni kama lita 13, yaani gramu 195 kwa hesabu ya juu. Mtungi wa gramu 230 unatosha. Uwe wa mchanganyiko wenye propani, kwa kuwa butani tupu hugoma kutoa mvuke ikikaribia nyuzi 0.

Msipikie ndani ya hema, hata mvua ikinyesha. Moto ni hatari inayoonekana. Kaboni monoksidi haina harufu, na anayeivuta husinzia tu.

Nina kadi ya ukaazi ya Ufaransa. Wenzangu wanataka Uswisi mwezi huu na Ireland baadaye. Nahitaji visa?
*Msomaji, mwaka wa pili*

Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen (eneo la nchi zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti mipakani kati yao), na kadi yako halali pamoja na pasipoti inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Ireland ni kinyume: imo Umoja wa Ulaya, haimo Schengen. Uingereza pia haimo. Huko kadi ya Ufaransa haichukui nafasi ya visa, kwa hiyo angalia masharti ya pasipoti yako mapema. Anayeishi kwa visa ya kuingia mara moja aangalie zaidi, maana akitoka Schengen hana mlango wa kurudia.

Beba kadi na pasipoti zenyewe. Picha kwenye simu si hati. Soma na bima yako: nyingi za wanafunzi hulipa hospitali lakini hazilipi helikopta ya uokoaji mlimani. Namba ya dharura ni 112.

Hema tunaweza kulisimamisha popote?
*Kundi la watu watano*

Inategemea nchi. Norway mnaruhusiwa kwenye maeneo ya wazi yasiyolimwa, mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya watu, hadi usiku 2 mahali pamoja. Scotland inaruhusu kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2003, isipokuwa sehemu kadhaa za hifadhi ya taifa ya Loch Lomond zinazotaka kibali kati ya 1 Machi na 30 Septemba. Ujerumani kwa kawaida hapana: tumieni kambi rasmi.

Malengelenge: nipasue au niache?
*Msomaji, Ubelgiji*

Ungeyazuia. Ngozi ikianza kuwaka tu, simama hapo hapo, kausha mguu, bandika plasta ya kitambaa, badili soksi. Wengi husema "nitavumilia hadi kileleni", na dakika 20 baadaye maji yameshajaa. Dogo lisilouma liache. Kubwa linalokuzuia kutembea lisafishe, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua maji, usiichune ngozi ya juu, kisha funga. Likiwa na usaha, au wekundu ukipanda mguuni, nenda kwa daktari.