Kabla fundi wa intaneti hajagonga geti

Fundi wa kampuni ya intaneti akifika kwako, ana nyumba nyingine inayomngoja Nzuguni na nyingine Ilazo. Usipomwonyesha pa kuweka ruta, ataifunga palepale waya ulipopenyea, aghalabu nyuma ya televisheni. Atapima kasi akiwa amesimama hapohapo, itasoma vizuri, utasaini. Chumba cha nyuma kisiposhika, hilo ni lako. Mimi huitwa baada ya hapo, na mara nyingi nakuta ruta ni nzima. Shida ni mahali ilipowekwa.

Kwa hiyo anza na njia ya waya. Wi-Fi hupungua nguvu kila inapovuka ukuta wa tofali za saruji, hasa ile ya gigahezi 5, yenye kasi lakini isiyofika mbali kama ya 2.4. Chagua katikati ya nyumba, koridoni ikiwezekana, juu ya kimo cha mtu, mbali na friji. Kama bado unajenga, fundi umeme alaze bomba tupu kabla ya plasta, lisiwe moja na la nyaya za umeme, na aache kamba ndani ya kuvutia. Kona ziwe za mviringo. Faiba ni uzi wa kioo; ukiukunja sana mwanga unavuja na ile taa nyekundu ya LOS, ya kuonyesha mwanga haufiki, inawaka. Nyumba imeshakwisha? Pitisha darini, lakini waya tu. Chini ya bati la Dodoma mwezi wa Oktoba ni tanuri, usiache ruta wala adapta yake huko.

Huduma ikija kwa waya wa koaksia, ule mnene kama wa antena ya televisheni, ng'oa splita zote (vile vigawanyo vya waya) zisizo na kazi. Splita ya njia mbili hula takriban desibeli 3.5, yaani kila upande unabaki na chini ya nusu ya nguvu. Na usikubali waya wa zamani wa king'amuzi wenye viungo vyenye kutu, hata kama "bado unafanya kazi".

Vyumba vya wapangaji uani vivutie waya wa mtandao wa shaba wa Cat6, usizidi mita 100. Kabla ya kulipa, kwangua ncha kwa kisu: ikitokea nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie mwenye duka. Unaokwenda jengo jingine uwe wa nje kweli, maana jua hupasua ganda la waya wa ndani. Mimi hapo napendelea faiba. Haipitishi umeme, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili huja na radi.

Soketi iwe ya ruta peke yake, na betri ndogo ya akiba ya volti sawa na adapta.

Una ruta ya zamani unayotaka kubaki nayo? Zote mbili zikigawa anwani kwenye mtandao mmoja, vifaa vitachanganyikiwa. Izime DHCP, yaani huo ugawaji wa anwani, kwenye ile ya zamani, ibadilishe anwani isigongane na mpya, ibaki kusambaza Wi-Fi tu. Andika pembeni anwani za printa na kamera zilizowekwa kwa mkono. Ruta mpya ukiipa jina na nywila zilezile za zamani, simu za nyumba nzima zitaingia zenyewe, na bibi hatahitaji kuelekezwa upya.

Kabla ya kusaini, pima kwanza kwa kompyuta iliyochomekwa waya kwenye ruta, kisha kwa simu ukiwa chumba cha mwisho, mlango umefungwa.