Taa ya Injini Ikitaja Sensa ya Throtoli, Pima Waya Kabla Hujanunua Sensa

Nilikuwa nimepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, magunia manane, nikaanza kupanda Kitonga jua likielekea kuzama. Katikati ya mlima nikakanyaga mafuta, gari likawa kama halijasikia. Likakohoa, likavuta kwa ghafla, likalegea tena. Taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka, ikazima, kisha ikawaka moja kwa moja. Nyuma yangu kulikuwa na semi imesheheni, na kwenye zile kona hakuna pa kumpisha mtu. Nilifika Ilula kwa gia ya pili, mikono imelowa jasho.

Gari lenyewe ni Hilux pikapu ya mwaka 1999, injini ya 3RZ ya petroli, cc 2,693. Ni ya kizazi kile ambacho pedali ya mafuta inavuta keboi, yaani waya wa chuma, na keboi inafungua kilango cha hewa kwenye throtoli. Ubavuni mwa throtoli ndipo inapokaa sensa yenyewe, kitu kidogo cheusi kilichofungwa kwa skrubu mbili. Kazi yake ni kuiambia kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, kilango kimefunguka kiasi gani. Ikipeleka habari ya uongo, kontroboksi inashindwa kulinganisha petroli na hewa, na mguu wako unakanyaga bila kupata jibu.

Namna nilivyolitengeneza mara ya kwanza ndiyo iliyonifanya niandike haya. Gereji niliyoingia walisoma kosa, wakaniambia sensa imekufa. Nikaagiza Gerezani, Dar es Salaam, sensa ya mtumba. Ikafungwa, taa ikazimwa, nikashukuru. Siku ya tatu ikarudi. Nikanunua mpya dukani, shilingi 85,000, nayo ikakaa wiki moja tu. Muda wote huo nilikuwa nabeba mizigo ya watu kwa wasiwasi, sijui gari litalegea wapi.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima pale Ipogolo, Iringa. Nilipomwambia, "Mzee, sensa nimebadilisha mara mbili," akaniuliza, "Na waya zake umepima mara ngapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Alichonifundisha siku ile ni kwamba namba ya kosa haikwambii kifaa kipi kimekufa. Inakwambia njia ipi ina tatizo, na njia hiyo ina sensa, plagi, waya, na kontroboksi yenyewe. Kwenye magari haya yanayochakaa, joto la injini limekausha mipira ya plagi na mtikisiko umechosha waya, kwa hiyo mimi sasa naanza kushuku waya kwanza na sensa baadaye.

Kusoma kosa kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo hakuhitaji mashine. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC, na ndani ya kifuniko kuna mchoro wa matundu yake. Zima AC, redio na taa, weka gia huru, usiguse pedali ya mafuta. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Soma mchoro mara mbili kabla hujachomeka, maana humo humo kuna tundu lenye moto wa betri, na ukikosea unaunguza kitu. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka kwa mwendo sawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara nne, ikatulia kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 41, na 41 ndiyo njia ya sensa ya throtoli. Ukiona 51, usiogope mapema. Inaweza kuwa umekanyaga mafuta wakati unasoma, au AC imewashwa, ingawa pia hutokea sensa ikiwa imefungwa vibaya. Nitaifikia hiyo.

Magari yaliyotoka baadaye na soketi ya OBD-II, ile ya kuchomekea mashine ya kusomea makosa, chini ya usukani yanasomwa kwa mashine, nayo yanakupa fununu zaidi: P0122 maana yake umeme wa sensa uko chini mno, P0123 uko juu mno. Lakini hata hapo bado hujaambiwa ni sensa au ni waya.

Sasa mita ya kupimia umeme. Plagi ya sensa yangu ina waya nne. VC ni umeme wa volti 5 unaotoka kontroboksi. E2 ni hasi inayorudi huko huko. VTA ndiyo inayobeba habari ya kilango. IDL ni swichi ndogo inayosema mguu umetoka kwenye mafuta. Usichomoe plagi ukapima hewani ukadhani umemaliza. Acha imechomekwa, washa swichi, kisha penyeza sindano nyembamba ya kushonea kwa nyuma ya plagi, sambamba na waya, mpaka iguse chuma cha ndani, ukiangalia sindano mbili zisigusane. Kuna mafundi wanaotoboa ganda la waya kwa pini, na hilo nawaomba sana waliache. Tundu lile linaingiza maji, na baada ya miezi kadhaa shaba inaoza pale pale.

Kati ya VC na E2 unatafuta volti 4.5 hadi 5.5. Ikikosekana, sensa haina hatia hata kidogo. Rudi kwenye waya au kontroboksi, na kumbuka umeme huo unatumiwa na sensa nyingine pia, hivyo moja ikipiga shoti inaweza kuwaangusha wenzake. Ukiona makosa ya sensa mbili tatu kwa pamoja, tafuta hapo. Kati ya VTA na E2, kilango kikiwa kimefungwa, gari langu linatakiwa kusoma kati ya volti 0.3 na 0.8, kikiwa wazi kabisa, kati ya 3.2 na 4.9.

Lakini namba mbili hizo hazitoshi. Fungua kilango kwa mkono taratibu sana, kama unamwaga maziwa kwenye chupa ya mtoto, huku macho yako kwenye mita. Volti lazima zipande bila kuruka. Mzee yule alitumia mita ya mshale, ile ya zamani, na nilielewa sababu mara moja: mshale ukidondoka hata kwa kufumba na kufumbua unauona, wakati mita ya namba inaweza kuruka jambo hilo usilione. Ukidondoka kila mara mahali pale pale, njia ya ndani ya sensa imelika, na hapo kweli nunua sensa. Wenye magari yasiyo na keboi, ambayo pedali yake inatumia umeme mtupu, wasisukume kilango kwa kidole. Kina mota na gia za plastiki.

Kwangu mshale ulipanda vizuri. Akarudia mara tatu, vizuri tena. Ndipo akaniambia nishike mita, yeye akaanza kutikisa waya, mmoja mmoja, kuanzia kwenye plagi kwenda nyuma. Alipogusa ule wa E2 mshale ukaruka. Hasi ikipotea, kipimo cha VTA kinapaa kuelekea volti 5, na kontroboksi inaona kama nimekanyaga mpaka chini. Akachomoa plagi, akashika waya ule kwa vidole viwili, akauvuta polepole. Kama sentimita mbili kutoka kwenye plagi, ganda likarefuka kama mpira wa kufungia pesa. Waya mzima hauvutiki hivyo, kwa sababu shaba ya ndani inaukaza. Akapasua ganda kwa wembe. Ndani kulikuwa na unga wa kijani na nyuzi mbili tatu za shaba zinazogusana zikitaka. Kwa nje ganda lilikuwa zima kabisa, jeusi, halina hata mkwaruzo. Ningeweza kulitazama mwaka mzima nisione kitu. Na kila sensa ilipobadilishwa, waya ulikuwa unasogezwa, nyuzi zinagusana tena, taa inazima siku chache. Ndiyo maana tulidhani tumepona.

Aliukata mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa, akaunga kipande kipya cha unene ule ule kwa risasi ya kuyeyusha, akakivisha mpira wa kujibana kwa moto, na akaacha ulegevu kidogo ili mtikisiko wa injini usiuvute. Kuzungushia tepu peke yake karibu na injini hakudumu. Gundi inayeyuka, tepu inafunguka.

Mambo mawili zaidi, yote yalinigharimu. La kwanza ni kuosha injini kwa mashine ya presha. Naamini kabisa kwamba unga ule wa kijani ulianzia huko, maana nilikuwa naosha kila mwisho wa mwezi na maji yanapigwa moja kwa moja kwenye plagi. Sasa natumia kitambaa na brashi. La pili ni kufunga sensa. Zile skrubu mbili zina matundu marefu ili sensa iweze kuzungushwa kidogo na kuwekwa sawa. Ile mpya niliyofungiwa ilikazwa tu ilivyokaa, matokeo yake swichi ya IDL haikuwa inafunga, silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ikawa inapanda na kushuka, na 51 ikajitokeza juu ya ile 41. Inawekwa kwa mita ya ohmu na fila geji, kibamba chembamba cha kupimia nafasi, inayopitishwa kwenye skrubu ya kuzuia mkono wa throtoli, na unene wake uko kwenye kitabu cha injini yako. Usikisie wala usitumie kipimo cha injini nyingine. Kabla hujalegeza skrubu, chora alama kwa kitu chenye ncha, ili ukikwama urudi ulipokuwa.

Ukimaliza, zima swichi na chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa sekunde 10 au zaidi ili kosa lifutike, kisha irudishe. Usipime kwa kuliwasha gari likiwa limesimama gereji. Liendeshe kwenye barabara mbovu lipate mtikisiko, lipakie, lipandishe mlima. Mimi nilisubiri vitunguu vya wiki iliyofuata, magunia manane yale yale, nikapanda Kitonga kwa gia ya tatu pale ilipowezekana, jicho moja kwenye dashibodi. Nilipofika Ilula nilisimama, nikaunganisha TE1 na E1, nikawasha swichi. Taa ikapepesa haraka haraka kwa mwendo sawa.