Mwalimu, usiache diskasheni: punguza watu kwenye kundi

Juzi kaniandikia mwalimu mmoja wa ajira mpya: "Madam, darasa limejaa. Nikiwapa diskasheni wanaongea wawili, waliobaki wanapiga soga. Nimeacha."

Usiache, mdogo wangu. Makundi yako ni makubwa mno. Tangu ada ifutwe mwaka 2016 madarasa yamefurika, na wengi wetu tunagawa kwa safu, safu nzima kundi moja. Hapo monita ataongea, mwenye mwandiko mzuri ataandika, wengine watajificha nyuma ya hao wawili. Mimi naweka wanne. Wa dawati la mbele wanawageukia wa nyuma yao, basi. Hakuna kuburuta viti na kupoteza robo ya kipindi.

Halafu angalia swali lako. "Jadilini sababu za Vita vya Maji Maji" halina cha kujadili. Mmoja atafungua daftari, watanakili, kazi imekwisha. Nilipofundisha mada hiyo Kidato cha Tatu nilikata karatasi vipande vinne. Cha kwanza kilihusu pamba ya kulazimishwa kule Matumbi, cha pili Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewahamasisha watu kupigana, na dawa yake ya maji kule Ngarambe, cha tatu Wangoni walivyoingia vitani, cha nne Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala. Kila mtu kipande chake, haruhusiwi kumwonyesha mwenzake, anakieleza kwa mdomo. Swali likawa moja: Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, mbona vita vilifika 1907? Njia hii aliibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson kule Austin, Texas, mwaka 1971, na haihitaji zaidi ya karatasi na mkasi.

Kulikuwa na binti ambaye sikuwahi kusikia sauti yake darasani. Kipande cha nne kiliangukia kwake. Akakisoma taratibu, kisha akawauliza wenzake: "Kama chakula kilichomwa, waliobaki hai walikula nini?" Kijana aliyekuwa akishikilia kwamba vita viliisha kwa bunduki akanyamaza, kisha akaanza kubisha upya, safari hii kwa hoja ya njaa. Mimi sikuwa nimeitaja njaa hata kidogo.

Kuna jambo bado linaniuma. Mwenzangu mmoja alisimama kwenye kikao cha walimu akasema nawaachia watoto wapige kelele ili nipumzike. Hakuna aliyenitetea. Matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka, History iliongoza masomo yote ya sanaa pale shuleni. Hakusema neno, na mpaka leo hajasema.

Walimu wenzangu, waacheni watoto wabishane kwa Kiswahili! Najua NECTA, Baraza la Mitihani, itawauliza kwa Kiingereza. Ndiyo maana dakika za mwisho za kipindi wanne hao wanaandika kwa Kiingereza walichokubaliana. Lakini huwezi kumdai mtoto hoja na lugha kwa mkupuo mmoja, akishindwa ukasema hana akili. Hana akili vipi, wakati mmemfunga mdomo tangu Kidato cha Kwanza?

Na wewe usikae mezani. Zunguka, inama, sikiliza. Ukikuta aliye kimya usimsimamishe mbele ya darasa, muulize jirani yake, "Kipande cha mwenzako kinasema nini?" Asipojua, watageukiana wenyewe. Madaftari utasahihisha ofisini.